Karamojo Bell: Mwindaji aliyeamini ganda la risasi kuliko ukubwa wa bunduki

MIAKA zaidi ya 120 iliyopita, mfanyabiashara aliyetaka kwenda Karamoja alianzia Mumias. Mji huo ulihesabiwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa na Mumias ikaingia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Huko misafara ilinunua unga, ikaajiri wapagazi na kufunga mizigo ya shanga na waya wa shaba, kisha ikaupita Mlima Elgon kuelekea nchi kavu ya kaskazini kutafuta pembe za ndovu.

Katika misafara hiyo alikuwamo kijana wa Kiskoti aliyeitwa Walter Dalrymple Maitland Bell. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Karamojo Bell, kutokana na nchi iliyompa utajiri wake. Wengi humkumbuka kwa idadi ya ndovu aliowaua. Wachache hukumbuka kwamba siri ya kazi yake ilikuwa uamuzi wa kibiashara: kuchagua risasi ambayo ganda lake la shaba halikumwangusha hata mara moja.

Yatima aliyekimbia shule

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880 karibu na Edinburgh, Scotland, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki Bell akiwa bado mtoto mchanga wa miaka miwili, na baba yake akamfuata miaka michache baadaye. Alilelewa na kaka zake, ambao hawakufanikiwa kumtuliza. Alitoroka shule moja baada ya nyingine, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari baharini akifanya kazi melini.

Ndoto yake ilikuwa Afrika na ndovu. Kabla hajatimiza miaka 18 alifika katika nchi hizi wakati reli ya Uganda ikijengwa kutoka Mombasa, akapata kazi ya kuwapiga simba waliowasumbua wajenzi. Alikuwa na bunduki ya kupakia risasi moja moja. Baada ya hapo alivuka bahari hadi kaskazini ya Kanada, wakati watu wakikimbilia dhahabu ya Klondike. Alichokitafuta yeye ni nyama ya kuwauzia wachimbaji wa Dawson. Aliwinda kwenye baridi kali, lakini mshirika wake akamdhulumu fedha za mauzo.

Hasara hiyo haikumrudisha nyumbani. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, Bell alijiunga na askari wapanda farasi wa Kanada ili apate nauli ya kurudi Afrika. Farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, akatoroka na kurudi kwa wenzake. Katika vita hivyo Makaburu walikuwa na bunduki za Mauser za Ujerumani zenye mtutu wa milimita 7. Ilikuwa risasi ndogo na nyembamba, na Waingereza waliogopa mlio wake. Miaka michache baadaye risasi hiyohiyo ndiyo ikawa mtaji wa Bell.

Karamoja na daftari la hesabu

Vita vilipokwisha mwaka 1902, Bell alielekea Karamoja. Huko alikuta wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani wamekwishatangulia na kujenga makazi yao mahali palipoitwa Mani-Mani. Mwanzoni wenyeji walibadilisha pembe kwa shanga na waya. Pembe za zamani zilizokuwa zimelala porini zilipokwisha, bei ilipanda na wenyeji wakataka ng'ombe. Aliyetaka pembe nyingi sasa ilimbidi ama awe na mifugo, ama aende mwenyewe kuwafuata ndovu.

Bell alichagua njia ya pili. Aliwalipa waliomletea habari za ndovu, na nyama yote iliyopatikana aliwaachia wenyeji. Msaidizi wake mashuhuri katika kufuata nyayo alikuwa Mkaramojong aitwaye Pyjale, ambaye Bell alimsifu baadaye katika maandishi yake.

Bell aliandika kila kitu: risasi ngapi zimefyatuliwa, ndovu wangapi wameanguka, pembe zina uzito gani. Aliwahi kukokotoa kwamba kwa kila ndovu mmoja alitembea wastani wa maili 73, yaani kilomita zipatazo 117. Jozi 24 za viatu zilimwishia katika mwaka mmoja. Gharama hizo zilimfundisha jambo moja. Mtu akishatembea kilomita 117 kumfikia mnyama, risasi inayokataa kulia imemtia hasara ya safari nzima, na huenda ikamtia hasara ya roho.

Ganda linafanya kazi gani

Risasi kamili ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayowasha baruti, na ganda linalozishika zote pamoja. Ganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo kwa kazi hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kiwandani huanza kama kipande cha duara mfano wa sarafu nene. Hubonyezwa kuwa kikombe, kisha huvutwa hatua kwa hatua hadi kuwa mrija mrefu. Kila hatua huifanya shaba iwe ngumu zaidi, kwa hiyo hupitishwa kwenye moto ili ilainike kabla ya kuvutwa tena.

Mwishoni kitako cha ganda huachwa kigumu na shingo yake hulainishwa, kwa sababu bunduki inapolia baruti hutoa mgandamizo unaozidi ule wa tairi la lori zaidi ya mara 300. Katika sekunde hiyo ganda hutanuka na kuziba nyuma ya mtutu ili moto usimrudie mpigaji. Likishamaliza linatakiwa linywee kidogo, liachie ukuta wa chemba na kutoka.

Shaba ikiwa laini mno, ganda hunata ndani. Shingo ikiwa ngumu mno, hupasuka. Kitako kikiwa dhaifu, tundu la fataki hutanuka, fataki hulegea na kuangukia ndani ya mtambo, au gesi hutoka nyuma kuelekea usoni. Jua la nchi za joto huongeza tatizo, maana baruti ya Kiingereza ya zama hizo ilizidi nguvu ikishapata joto, na ganda lililofanyiwa majaribio kwenye baridi ya Ulaya likabanwa kuliko lilivyotarajiwa.

Huko India jeshi la Waingereza lilijifunza tatizo jingine. Maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kufyatuliwa. Amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikiila shaba iliyokuwa na mkazo ndani yake. Wataalamu walieleza chanzo hicho kikamilifu mwaka 1921 tu, miaka mingi baada ya hasara kutokea.

Jinsi Bell alivyochagua

Wakati Bell anaanza kazi, imani ya wawindaji wengi ilikuwa kwamba mnyama mkubwa anataka bunduki kubwa. Mafundi wa London waliuza bunduki za mitutu miwili zenye risasi nene kama kidole gumba, na bei yake iliweza kununua shamba.

Bell alizijaribu. Alikuwa na ya mitutu miwili aina ya .450/400, nzuri kwa kuitazama. Lakini daftari lake halikuipa alama nyingi. Ilikuwa nzito na yenye kelele, na baada ya risasi mbili ilichukua muda kuijaza. Fataki za risasi zake hazikuaminika. Mchanga au jani likiangukia penye maungio wakati mwindaji anakimbia, bunduki haikuweza kufungwa tena.

Alitumia pia .303 ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyomwanzisha Karamoja. Alitumia Mannlicher nyepesi ya milimita 6.5, akaona kichwa cha risasi yake nyembamba kinapinda kikikutana na mfupa mzito. Kwa miaka mingi, na kwa bunduki za aina nyingi, alikutana na kila ubaya unaoweza kutoka kwenye ganda na fataki: zilizokataa kulia, zilizochelewa kulia, maganda yaliyonata, yaliyopasuka, na gesi iliyorudi nyuma.

Aina moja tu haikumfanyia hata moja ya hayo. Ilikuwa ile Mauser ya milimita 7, iliyouzwa Uingereza na duka la Rigby kwa jina la .275, ikilishwa risasi zilizojazwa Ujerumani na kiwanda cha DWM. Bell alikiri kwamba hakuelewa kwa nini hasa fataki za risasi hiyo zilikuwa za kutegemewa kiasi hicho. Alichojua ni kwamba mgandamizo wake ulikuwa mkubwa, na bado ganda lilitoka kila mara. Matokeo hayo yalimtosha.

Kichwa cha risasi hiyo kilikuwa kirefu, chenye ncha ya mviringo na koti gumu lisilofunguka, uzito wa gramu 11 hivi. Hakikuwa na nguvu ya kumwangusha ndovu kwa kishindo. Kilikwenda tu mbele, moja kwa moja, mpaka kilipoelekezwa. Kwa hiyo Bell alikata mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Mpaka leo pigo la kutokea nyuma kwa mshazari, linalopita shingoni hadi kwenye ubongo, linaitwa kwa jina lake.

Uzito mgongoni mwa mpagazi

Uamuzi huo ulikuwa na faida nyingine ambayo kila anayelipia usafirishaji ataielewa haraka. Risasi moja ya milimita 7 ina uzito wa gramu 25 hivi. Ile ya .450/400 ni karibu mara mbili, maana kichwa chake peke yake ni gramu 26. Mpagazi wa zama hizo alibeba kilo zisizofika 30. Mzigo mmoja wa risasi ndogo uliweza kuzidi risasi 1,000, na mzigo wa risasi kubwa ukawa karibu nusu ya hizo.

Katika nchi isiyo na barabara kila mpagazi anahitaji posho, na posho nayo inahitaji mpagazi wa kuibeba. Risasi ndogo ilimpunguzia Bell wapagazi wa kwenda na kumwachia migongo zaidi ya kubebea pembe wakati wa kurudi. Siku moja peke yake aliangusha ndovu tisa, na kwa hesabu yake pembe zao zilikuwa na thamani ya pauni 863 za wakati huo.

Lado, nchi isiyo na mwenyewe

Mwaka 1909 Bell alihamia Lado, eneo la magharibi ya mto Nile ambalo leo limegawanyika kati ya Uganda na Sudan Kusini, jirani na Kongo. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alilikodi kwa muda wa uhai wake tu. Alipofariki Desemba 1909 na Wabelgiji wakajiandaa kuondoka, wawindaji na wachuuzi wa kila taifa walimiminika huko kuchuma pembe kabla ya serikali ya Sudan kulichukua mwaka 1910. Kila mtu alivuka mto kwa namna yake, na kwa muda mfupi hapakuwa na sheria ya kueleweka. Sehemu ya kusini ya eneo hilo, ulipo mji wa Arua, iliingizwa Uganda mwaka 1914.

Bell alivuna sana Lado. Aliwinda pia Ethiopia, Sudan, Kongo na Liberia. Jumla ya ndovu wake kwa hesabu yake ilifika 1,011, na takriban 800 kati yao waliuawa kwa milimita 7.

Vita vinapofunga duka

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani, na biashara kati yao ikapigwa marufuku kwa sheria. Kiwanda kilichomlinda Bell kwa miaka mingi kikawa mali ya adui. Risasi ileile ya kuaminika haikuweza tena kuagizwa kutoka Karlsruhe kupitia duka la London.

Bell mwenyewe alirudi Uingereza, akajifunza urubani na kupelekwa Tanganyika kupigana na Wajerumani kutoka angani. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alipenda kuruka bila msaidizi ili apige mwenyewe kwa bunduki yake. Baadaye alihamishiwa upande wa Ugiriki, na akatunukiwa nishani ya Military Cross.

Baada ya vita alirudi Afrika kwa safari chache, kisha akastaafu na mke wake Kate katika milima ya Scotland. Mwaka 1923 alichapisha kitabu cha safari zake za kuwinda ndovu, na ndani yake akaweka sura inayozungumzia bunduki. Humo ndimo alimoeleza wazi kwamba ukubwa wa risasi ni jambo dogo ukilinganisha na uaminifu wake.

Wanaojaza upya walichorithi

Bell alitegemea risasi zilizofika zimejazwa kiwandani. Wawindaji wengi wenye leseni Afrika Kusini, Namibia, Ulaya na Marekani leo hujaza wenyewe maganda yaliyotumika, kwa kuwa ganda ndiyo sehemu ya gharama kubwa inayoweza kutumika tena. Zama za Bell jambo hilo lilikuwa gumu. Fataki nyingi zilikuwa na zebaki, na zebaki hiyo ikiachwa ndani ya shaba huifanya ivunjike kama gamba la yai mara inapojazwa tena.

Orodha ya ukaguzi wao ni ileile ya Bell, ila wao huifanya kabla ya kufyatua. Hutazama shingo kama ina ufa. Hupitisha ncha ya waya ndani ya ganda karibu na kitako kutafuta mfereji, ambao ni dalili kwamba ganda limevutika na liko karibu kukatika vipande viwili. Hujaribu kama fataki inaingia kwa kubana. Ikiingia kwa ulaini, ganda linatupwa. Huchagua maganda ya kiwanda kimoja na toleo moja, na huyapima uzito, maana ganda zito lina kuta nene na nafasi ndogo ya baruti, na kipimo kilekile cha baruti hutoa mgandamizo mkubwa zaidi humo.

Pia huchungulia chini ya ganda. Lenye tundu moja katikati ni la mtindo wa Boxer, na fataki iliyotumika hutolewa kwa sindano bila shida. Lenye matundu mawili madogo ni la mtindo wa Berdan, uliopendwa na viwanda vingi vya Ulaya, na kulijaza upya ni kazi ya kero. Boxer alikuwa Mwingereza na mtindo wake ukashika Marekani. Berdan alikuwa Mmarekani na wa kwake ukashika Ulaya.

Deni lililobaki

Hesabu ya Bell ina upande wa pili. Ndovu zaidi ya 1,000 kwa mtu mmoja ni wengi, na hakuwa peke yake. Karamoja na Lado alizoziona zimejaa makundi hazikurudi kuwa hivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Njia alizopita kutoka Mumias leo zina vituo vya forodha, na risasi ni bidhaa ambayo hakuna mfanyabiashara anayeruhusiwa kuipitisha bila kibali. Nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kwa sababu risasi zilizovuka mipaka kimagendo zilikuwa zimewaua watu wengi, Karamoja ikiwa mojawapo ya mahali palipoumia zaidi.

Uzeeni Bell aliwinda kulungu wa Scotland kwa bunduki ya .220 Swift, ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko zote alizotumia Afrika. Alifariki Juni 1954, akiwa na miaka 73. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Bell alikuwa na uwezo wa kununua bunduki yoyote ya ghali London, na kilichomrudisha nyumbani salama ni kipande cha shaba cha gramu chache, alichokichagua kwa sababu katika daftari lake hakikuwa na kosa hata moja.